Taa nyekundu na kidonda kisichopona: namna ya kuitumia bila kujidhuru

Mama mmoja wa makamo alikuja kliniki kufungwa kidonda akiwa na taa ameiviringisha kwenye kanga. Mwanawe yuko Muscat kikazi, na aliposikia mama ana kidonda cha kisukari chini ya dole gumba kilichomaliza miezi mitatu, akamnunulia taa ya mwanga mwekundu na kumtumia. "Mwanangu," aliniambia baada ya kumwamkia, "kila usiku nakimulika saa nzima. Mbona hakiponi?"

Nikamwomba anionyeshe anavyofanya nyumbani. Akanyoosha mguu kwenye benchi, bandeji ikiwa palepale, akawasha taa na kuielekeza juu ya bandeji. Nilipofungua gozi nilikuta kidonda kimepakwa dawa ya GV, zambarau tupu. Kandambili zake zilikuwa chini ya benchi, na ile ya mguu wa kulia ilikuwa imechimbika kijishimo, sawasawa na mahali kidonda kilipo.

Kwa muda wote ule mwanga haukuwahi kukigusa kile kidonda, na kila hatua aliyotembea ilikuwa inakiponda upya. Taa haikuwa mbovu, na mama hakuwa mzembe. Hakuna aliyemwelekeza. Taa za namna hii sasa zinauzwa mitandaoni na zinatumwa na ndugu walio nje kwa nia njema kabisa, kwa hiyo naandika hapa yale ninayomweleza kila anayekuja nayo.

Kwanza, huo mwanga unafanya nini

Mwaka 1967 huko Budapest, daktari Endre Mester alikuwa akijaribu leza ya rubi kwa panya. Leza yenyewe ilikuwa bado changa, maana ya kwanza ilitengenezwa na Theodore Maiman mwaka 1960. Mester alitaka kuona kama inaweza kuharibu uvimbe wa saratani, lakini leza yake ilikuwa dhaifu na uvimbe haukuguswa. Alichokiona ni kingine: pale aliponyoa manyoya na kumulika, manyoya yaliota haraka zaidi na majeraha yalifunga mapema. Kutoka hapo akaanza kumulika vidonda vya wagonjwa vilivyokataa kupona. Miaka ya 1990 watafiti wa Marekani waliokuwa wakitumia taa za LED nyekundu kuotesha mimea angani kwa ajili ya NASA, shirika la anga la Marekani, nao wakafika huko huko, na ndipo ilipoonekana kwamba si lazima leza ya bei kubwa. LED nazo zinaweza.

Ndani ya seli zetu mna mitokondria, vinu vidogo vinavyogeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu. Humo kuna kimeng'enya kiitwacho saitokromu si oksidesi, na hicho hufyonza mwanga mwekundu pamoja na ule wa infraredi ya karibu ambao jicho halioni. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mwanga huo unaifanya gesi ya oksidi ya nitriki iliyokibana kimeng'enya iachie. Kinu kinarudi kufanya kazi, nguvu inaongezeka, mishipa midogo inatanuka, na seli zinazofuma nyama mpya zinachangamka. Mwanga hauunguzi kitu wala hauui wadudu. Unaiamsha seli iliyochoka.

Na seli isiyo na damu, isiyo na chakula, iliyolala chini ya usaha au inayokanyagwa mchana kutwa, haiamshwi na taa. Hapo ndipo wengi wanapokosea, na ndiyo sababu hatua mbili za mwanzo hazina taa ndani yake.

Ushahidi nao niuseme ulivyo. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kuchuja majaribio ya tiba, juu ya vidonda vya miguu vya kisukari yalikusanya majaribio 8 yenye wagonjwa 316. Waliomulikwa walielekea kupona kwa wingi zaidi kuliko wasiomulikwa, ila majaribio yalikuwa madogo na ubora wake hafifu. Kwa hiyo taa ni msaidizi wa matibabu. Yeyote anayekuuzia kwa ahadi kwamba utaachana na kliniki, mrudishie taa yake.

Hatua ya kwanza: jua kidonda chako kimetokana na nini

Kidonda kilichopita wiki nne bila kupungua si cha kukisia. Waswahili walikipa jina kabisa, donda ndugu, lakini ndani ya jina hilo moja mna magonjwa mengi, na kila moja lina dawa yake. Kabla ya kuwasha taa, nenda kituo cha afya upate majibu ya mambo haya.

Je, ni saratani? Swali hili nalitanguliza kwa makusudi. Ndugu zetu wenye ualbino hupata vidonda usoni, masikioni, shingoni na mikononi ambavyo huanza kama mkwaruzo tu wa jua, kumbe ni saratani ya ngozi. Vivyo hivyo kovu la zamani la moto: mtu aliungua utotoni, na miaka 20 au 30 baadaye kovu linapasuka, linakuwa kidonda kisichofunga. Ukiona kingo zimeinuka na kukakamaa, kinatoa damu kikiguswa kidogo, au kinaota nyama kama koliflawa, kinatakiwa kukatwa kinyama kidogo kipelekwe maabara. Usikimulike mpaka majibu yatoke. Mwanga unaochangamsha seli hauchagui seli ipi, na hatutaki kuichangamsha saratani.

Je, damu inafika? Weka vidole viwili kwenye mgongo wa mguu, upande wa juu, kwenye mstari wa kati ya dole gumba na kidole cha pili, kisha nyuma ya kifundo cha mguu kwa ndani. Mapigo yanatakiwa kusikika. Mguu ukiwa wa baridi, kidole kikiwa cheusi, au maumivu yakikuamsha usiku mpaka uning'inize mguu kitandani ndipo upate nafuu, tatizo ni mshipa wa damu. Hapo ni hospitali, siku hiyo hiyo.

Je, kuna maambukizi? Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu unajificha, kwa hiyo tumia mgongo wa mkono: linganisha joto la mguu wenye kidonda na mguu mzima. Angalia uvimbe, ngozi iliyovutika ikang'aa, harufu, usaha, homa. Na ukiona mfupa, au daktari akichunguza kwa chombo akagusa kitu kigumu chini ya kidonda, huenda maambukizi yameshafika mfupani, na hayo hayatibiwi na taa yoyote.

Sukari ipimwe, hata kama hujawahi kuambiwa una kisukari. Nimewaona wengi waliogundua kisukari chao kupitia kidonda.

Wako pia ambao taa hii si yao, au si bila daktari kukubali: aliye na saratani sehemu inayomulikwa, mwenye lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kujishambulia) au ugonjwa mwingine unaochochewa na mwanga, mwenye kifafa ikiwa taa inapepesa, na anayetumia dawa zinazofanya ngozi iungue upesi kwa mwanga, mfano doksisaikilini. Mjamzito asimulike tumboni.

Hatua ya pili: ondoa kinachokizuia kupona

Kwa kidonda cha chini ya unyayo, hii ndiyo tiba yenyewe. Mwenye kisukari mwenye ganzi hakanyagi kwa tahadhari kwa sababu hasikii maumivu, na hatua mia kadhaa za kwenda chooni, jikoni na dukani zinatosha kuvunja nyama yote iliyoota usiku. Tafuta kiatu cha kupunguza mgandamizo au plasta maalumu ya hospitali. Ukikosa vyote, angalau magongo na kukaa. Kandambili ziache. Hazilindi kidole, na unyayo unakutana na ardhi karibu moja kwa moja.

Mgonjwa wa kitandani mwenye kidonda cha kulalia ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku pia, na familia ipangiane zamu. Mguu uliovimba kwa mishipa inayorudisha damu vibaya unahitaji bandeji ya kubana, lakini isifungwe kabla mapigo ya damu hayajapimwa, kwa sababu mguu usio na damu ya kutosha ukibanwa unaweza kufa.

Chakula: mayai, dagaa, maharage, kunde, samaki. Nyama mpya haifumwi kwa ugali mtupu. Sigara iachwe.

Na tafadhali, kidonda kisiwekwe dawa ya meno, majivu, mafuta ya taa, wala unga wa vidonge vya rangi mbili. Unga ule unaganda kuwa gamba, usaha unabaki chini yake, na wadudu wanazoea dawa.

Hatua ya tatu: ikague taa

Soma lebo na tafuta nanomita, yaani urefu wa wimbi la mwanga. Kwa vidonda tunataka 630 hadi 660, ambao ni mwekundu unaoonekana, au 810 hadi 850, ambao ni infraredi ya karibu. Taa nyingi nzuri zina vyote viwili. Isiyoandikwa nanomita popote usiitumie kwenye kidonda.

Taa ya kulelea vifaranga nayo ni nyekundu, na kuna taa za joto za mazoezi ya viungo zinazofanana nayo. Hizo kazi yake ni joto. Mguu wenye ganzi ukiwekwa chini yake unaungua na mwenyewe hajui, na nimeshafunga kidonda cha aina hiyo. Balbu ya kawaida iliyofunikwa karatasi nyekundu haisaidii kitu. Taa za miale ya urujuanimno na jua lenyewe ni habari nyingine kabisa. Niels Finsen, daktari wa Denmark, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga wa aina hiyo, lakini si mwanga wa kujimulikia kidonda nyumbani.

Kuijua kama infraredi inafanya kazi, washa kamera ya mbele ya simu na uielekeze kwenye taa. Jicho huenda lisione kitu, ila simu nyingi zitaonyesha mng'ao hafifu wa zambarau au mweupe. Kisha mtu asiye na ganzi amulike kifundo cha mkono wake kwa muda uleule utakaotumika. Anatakiwa kusikia uvuguvugu tu, au asisikie chochote. Akisikia moto, sogeza taa mbali.

Tafuta pia namba ya nguvu: miliwati kwa sentimita moja ya mraba, na umbali ambao namba hiyo ilipimwa. Taa inayotoa miliwati 100 ikiwa karibu haitoi 100 ukiisogeza nyuma. Wauzaji wengine hukuza namba hizi kwa sababu hupima kwa vipima-jua vya bei rahisi, ambavyo husoma juu kupita ukweli kwenye taa za LED. Ndiyo maana ni bora kipimo kipangwe na mtaalamu anayekiona kidonda chako.

Hatua ya nne: piga hesabu ya muda

Kipimo cha mwanga ni jouli kwa kila sentimita ya mraba. Kwa vidonda, kiasi kinachotumika sana ni kati ya jouli 1 na 10, na 4 ndicho kipimo ninacholenga. Kanuni ni hii:

sekunde = jouli × 1000 ÷ miliwati

Taa ya miliwati 50, kwa jouli 4, ni sekunde 80. Ya miliwati 20 ni sekunde 200, yaani dakika 3 na sekunde 20. Ya miliwati 100 ni sekunde 40 tu.

Watu hushtuka wakisikia sekunde 80. Walitegemea kukaa nusu saa. Taa ya yule mama iliandikwa miliwati 50, naye aliiwasha saa nzima: hizo, kama bandeji isingekuwepo, ni jouli 180, mara 45 ya kile kidonda kinachohitaji. Mwanga huu una tabia moja ambayo dawa nyingi pia zinayo. Kidogo kinachangamsha, kingi kinapunguza kasi, na kingi zaidi kinaweza kuzuia kabisa. Ukizidisha muda hukiharakishi kidonda, unakichelewesha.

Kuhusu ngozi nyeusi: melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, hufyonza mwanga mwekundu kuliko infraredi, kwa hiyo ngozi inayozunguka kidonda hupata joto upesi. Sakafu ya kidonda chenyewe haina ngozi juu yake, mwanga unaingia moja kwa moja. Anza na jouli 2 wiki ya kwanza, angalia kingo, kisha panda hadi 4.

Hatua ya tano: siku ya kumulika

Mara tatu kwa wiki inatosha. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, zifanywe ndizo siku za kubadilisha bandeji, ili kidonda kisifunguliwe ovyo.

Chemsha maji, yapoe. Nusu lita weka chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa juu. Yatumike siku hiyo hiyo, yakibaki yamwagwe. Nawa mikono kwa sabuni, vaa glavu. Bandeji ikiwa imegandia, iloweshe kwa maji hayo mpaka iachie yenyewe. Ukiivuta kavu unang'oa nyama changa uliyoingoja wiki nzima. Mwagia kidonda taratibu mpaka dawa yote ya zamani itoke. GV, iodini, krimu nyeupe, asali, vyote ni pazia mbele ya mwanga. Nyama iliyokufa, ile ya njano inayonata au nyeusi ngumu, iondolewe na muuguzi kliniki. Usijikate mwenyewe.

Kausha ngozi ya pembeni kwa gozi safi. Futa uso wa taa kwa spiriti. Taa isiguse kidonda, na kama kuna hatari ya kugusana ivalishe nailoni angavu inayobadilishwa kila mara.

Shika umbali ulioandikwa kwenye lebo. Mimi huwashauri watu wakate kijiti chenye urefu huo, wapimie nacho umbali wa taa na kidonda bila kukigusa, kisha taa iegemezwe kwenye kitanda au stuli, maana mkono unachoka na kusogea bila mtu kujua. Mulika kidonda na sentimita moja hivi ya ngozi inayokizunguka. Kama taa ni ndogo kuliko kidonda, gawanya: mulika upande mmoja muda kamili, kisha mwingine muda kamili. Tumia saa ya simu, usihesabu kwa kukisia.

Macho yasitazame taa. Infraredi ni hatari zaidi kwa kuwa haionekani, jicho halipepesi kujikinga. Watoto wakae mbali. Kama ni leza, miwani yake maalumu ni lazima kwa wote waliomo chumbani, na leza nashauri ibaki hospitali.

Ukimaliza ndipo unaweka dawa uliyoandikiwa na kufunga gozi safi. Mwanga kwanza, dawa baadaye.

Hatua ya sita: pima, usiamini macho

Anayekitazama kidonda kila siku hawezi kuona kinavyobadilika. Kila Jumatatu piga picha, rula ikiwa pembeni, taa ya chumba ileile. Andika kwenye daftari urefu mkubwa na upana mkubwa. Kidonda cha sentimita 4 kwa 3 ni 12. Baada ya wiki nne kinatakiwa kimekaribia 6 au chini yake. Kidonda cha mguu wa kisukari ambacho hakijapungua nusu katika wiki nne, uwezekano wa kufunga kwa utaratibu uleule ni mdogo. Usiongeze dakika za taa. Rudi hatua ya kwanza na ya pili, nenda na daftari lako kliniki.

Acha kumulika mara moja na uende hospitali ukiona malengelenge, maumivu mapya, harufu, joto kupanda mguuni, homa, au weusi unaosambaa.

Yule mama tulimwosha ile GV, tukamtafutia kiatu, tukampandisha hadi sekunde 80 mara tatu kwa wiki, sukari ikashughulikiwa. Kilifunga wiki ya 11. Siwezi kusema sehemu ipi ilikuwa ya taa na sehemu ipi ya kiatu, na kama angeniuliza achague kimoja ningemwambia kiatu.

Kidonda kikishafunga, ngozi ile bado ni changa. Kovu hata likikomaa halirudi kwenye nguvu ya ngozi ya zamani. Hufika kama asilimia 80 tu. Lipake mafuta mepesi, ila si katikati ya vidole. Kila jioni tazama unyayo kwa kioo, au mjukuu akutazamie. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa kiatu, kikung'ute na upitishe mkono ndani mpaka mbele kabisa. Mama yule, wiki mbili baada ya kufunga, alitoa humo punje ya hindi.